Iliitwa Kampuni, Akaja Mlinzi

Habari za kifo chake zilinifikia hapa Fizi akiwa ameshazikwa. Zililetwa na dereva wa pikipiki aliyepanda kutoka Baraka na magunia ya chumvi. Alisimama mlangoni kwangu, akavua kofia, akaniambia kwamba yule rafiki yangu mwalimu, yule wanayemwita Muchina, hayupo tena. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyenipigia simu. Aliniangalia kwa huruma, kisha akanionyesha simu yake mwenyewe, ambayo kama yangu ilikuwa haina mtandao tangu wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimewaandalia wasomaji wangu maneno mepesi juu ya bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nimeyachana. Leo sina wepesi wowote, na anayetaka kuchekeshwa afungue ukurasa mwingine.

Jina hilo la Muchina alipewa kwa sababu alisomea sheria huko China kwa msaada wa masomo, kisha, badala ya kutafuta kiti Kinshasa kama wenzake, akarudi kufundisha sekondari Baraka, alikozaliwa. Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia mpaka tukamtania: jinsi serikali ya kule inavyoziita kampuni kubwa za simu na intaneti. Alisema wana neno lao la upole kabisa, ambalo ukilitafsiri ni kama kupanga siku ya mazungumzo. Lakini neno hilo likitamkwa, hata kampuni ambayo watu wa nchi nzima wananunulia, wanalipia na kusalimiana humo, wakubwa wake wanavaa suti na kwenda. Wanaambiwa makosa yao, wanarudi kuyarekebisha. Alieleza kampuni ya soko la mtandaoni iliyowakataza wauzaji wake kuuza kwa mshindani, ikatozwa faini nzito. Alieleza ile ya teksi za kuitwa kwa simu, ambayo asubuhi moja haikupatikana tena ya kupakua, kwa sababu ya namna ilivyokusanya habari za abiria. Alieleza watoto waliopangiwa saa za michezo ya simu, na kampuni zikalazimika kuwafungia mlango saa hizo zikiisha.

Mimi nilimbishia sana. Nilimwambia serikali yenye mkono mrefu namna hiyo haiishii kwa matajiri. Wala hakukana. Alinisimulia kwamba siku moja, katika kikundi cha wanafunzi wenzake, aliandika malalamiko fulani juu ya mji aliokuwa akiishi, na maneno yake yakafutwa kabla rafiki zake hawajayasoma. Kampuni iliyoyafuta ilikuwa mojawapo ya zile zile zinazoitwa. Mkono ni ule ule, alikubali. Basi unasifu nini, nikamuuliza. Akanijibu taratibu, akiniita yaya kama huku tunavyowaita wakubwa wetu, "Mi sisifu, yaya. Mi nasema tu, kule kampuni iko na muntu wa kuiita."

Maneno hayo yangebaki mazungumzo ya barazani kama si mama mmoja muuza ndagala. Parokia ilikuwa imemwomba rafiki yangu azungumze na wazazi juu ya simu na watoto, naye, kama kawaida yake, akafika China kabla hajamaliza kusalimia. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akauliza, "Na huku kwetu, mwalimu, nani anaita?" Ukumbi mzima ulicheka. Rafiki yangu peke yake hakucheka, na tangu siku hiyo swali lile lilimkaa moyoni akakosa raha.

Kila anayeishi Baraka anaujua mnara wa simu ulioko kilimani. Jenereta yake ikikosa mazutu, yaani dizeli, mji wote unakuwa bubu, na vijiji vya njia ya Misisi ndivyo vinavyoanza kunyamaza na vinavyokuwa vya mwisho kurudi. Kampuni yenyewe haina mlango kwetu. Tunayo miamvuli ya wauza vocha, na nambari ya simu ambapo sauti ya mashine inakuambia ubonyeze moja, kisha mbili, kisha inakuaga. Rafiki yangu alikwenda na kurudi katika ofisi moja ya serikali mpaka mkuu mmoja, nadhani kwa kuchoshwa naye, akakubali kuiita kampuni. Ikaandikwa convocation, karatasi ile ile inayomwita mvuvi aliyekosa kibali au mama aliyegombana na jirani, ikapigwa muhuri. Polisi akakabidhiwa. Akauliza kampuni inakaa wapi. Hakuna aliyejua. Polisi naye hakutaka kurudi mikono mitupu, akapanda kilimani, akashuka na mlinzi wa mnara.

Nilikuwapo. Mzee wa watu aliketishwa kwenye benchi, koti limechanika mabegani, akaulizwa kwa niaba ya kampuni ni kwa nini inawakatia watu mawasiliano. Alifikiri kwa makini, kwa sababu alikuwa mtu wa heshima na alitaka kujibu vizuri. "Papa chef, mi nalinda mazutu. Ikiisha, nalinda pipa."

Tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mkuu akaandika kwamba kampuni imehojiwa, na shauri likafungwa. Rafiki yangu alimshika mzee mkono, akamsindikiza kwa miguu mpaka kilimani, njia nzima akimwomba radhi. Wakawa marafiki, na mara nyingi nilimkuta akimpelekea sukari. Tulipoonana mara ya mwisho alikuwa amekonda na hana tena ile hamu ya kubishana. "Yaya," aliniambia, "serikali yetu inajua kuita balinzi tu."

Alikwenda kijijini kwa mama yake, njia ya Misisi, kusaidia kuvuna karanga. Asubuhi moja tumbo likamshika. Daktari wa Baraka aliniambia mwenyewe niliposhuka kwenye matanga kwamba siku hiyo gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa uani mwa hospitali, lina mafuta, na dereva amekaa kivulini. Lilikuwa linangoja simu moja. Ni utumbo uliojisokota, alisema, angempasua mchana ule ule na pengine sasa angekuwa anawafokea wanafunzi. Mke wa mwalimu, aliyekuwa naye kijijini, alipanda kila kichuguu na kila jiwe, ameinua simu juu kama tunavyojua wote kufanya. "Minapiga, minapiga," aliniambia mjane huyo. "Simu iko inaniangalia tu." Mwishowe walimfunga kwa kitenge kwenye pikipiki, katikati ya dereva na shemeji yake, wakaingia katika barabara ile. Alikufa kabla ya kuona ziwa la Baraka.

Nina hasira, wasomaji wangu, na sijui niipeleke mlango gani. Tukiwa matangani mtandao ulirudi, na simu ya marehemu ikatikisika juu ya meza. Ilikuwa kampuni. Ilimwita mteja mpendwa, kwa jina lake kamili, na kumkaribisha katika ofa ya wikendi. Mjane alinipa nisome, nikasoma, nikamrudishia. Nyumba zetu na majina yetu wanavijua. Wanapotaka kutuita wanatuita.

Bado siutaki ule mkono unaofuta maneno ya wanafunzi. Lakini sitajidanganya tena kwamba sisi, kwa kukosa mkono, tuko huru zaidi. Kule maneno ya rafiki yangu yalifutwa. Huku maneno ya mke wake hayakutoka hata kwenye simu. Serikali ninayoitaka ni ile ambayo ikimwita mkubwa anakuja, na mimi nikimlalamikia yeyote kati yao maneno yangu yanabaki. Nimezeeka, na siioni ikija kutoka upande wowote.

Jioni mlinzi wa mnara alifika kwa miguu, amevaa koti lile lile, akakaa mwisho wa benchi. Mtu mmoja, kwa uchungu, akamuuliza kama ametumwa na kampuni. "Hakuna muntu alinituma," alijibu. "Hakuna muntu aliniita. Nasikia mwalimu anakufa, nakuja." Alilia bila kujificha, mbele ya bamama na batoto. Kisha nikamuuliza mazutu waliyoleta yatatosha mpaka lini. Akasema hawamwambiagi, akapangusa macho, akaomba ruhusa arudi kulinda pipa.