Swali Ambalo Mke Hajibu

Apolinary wa Kimuli hakuwa mtu wa kuamini mambo kichwakichwa. Hata kompyuta ilipoletwa kwenye ofisi ya wanunuzi wa kahawa pale Nkwenda alikokuwa karani, mwaka 1994, aliikagua kama anayenunua mbuzi mnadani. Egbert, fundi aliyetoka Bukoba kumfundisha kuitumia, alimcheka, kisha akamweleza jambo lililomkaa rohoni: programu huweza kuendeshwa ndani ya programu nyingine inayojifanya mashine nzima, na ile ya ndani isijue.

"Sasa utaigunduaje?"

"Linganisha saa yake na ya ukutani. Ya ndani huchelewa."

"Na yenyewe, huko ndani, itajigunduaje?"

Egbert alijikuna kidevu. "Labda iulize kitu ambacho ile iliyoibeba haikijui."

Mvua za vuli zilipoanza, malaria ilimpanda Apolinary kichwani akapoteza fahamu. Alizinduka kitandani kwake, mkewe Evangelina yuko pembeni na bakuli la uji. Mwingine angemshukuru Mungu akanywa uji wake. Yeye akaanza kuchunguza. Kila jirani aliyekuja kumpa pole alisema yale yale aliyoyatarajia, hakuna aliyemshangaza. Saa yake ya mkononi ilikwenda sawasawa, ila nayo ilikuwa humo humo alimo yeye. Hofu ikamwingia kwamba bado yumo ndani ya homa, na Evangelina huyu ni wa kichwani mwake tu.

Akakumbuka maneno ya Egbert, akatafuta swali. Kabla ya harusi yao, Evangelina aliitwa chumbani na shangazi yake akausiwa, na usia ule mume haambiwi. Apolinary hakuwahi kuujua.

"Mama Projest, shangazi alikuambia nini siku ile?"

Evangelina alikuwa akimenya ndizi. Akacheka. "Hayo si ya wanaume."

Moyo ukamtulia, maana ndivyo mkewe angejibu. Kisha ukamwenda mbio: jibu hilo hata yeye angeweza kumtungia. Pamoja na ujuaji wake wote, alikuwa amechagua swali ambalo mke wa kweli hajibu na wa uongo hawezi kujibu.

"Basi niambie chochote nisichokijua. Hata kidogo."

Kisu kikasimama. Nje, hata jani la mgomba halikutikisika. Evangelina akamtazama kwa huruma ile ile ya siku zote.

"Hakuna usichokijua, baba Projest."

Machozi yalimtoka. Kwa jinsi alivyompenda, hata kama ni wa kichwani mwake tu, hakuthubutu kuuliza tena. Akachukua kisu kingine, wakaendelea kumenya.