Kikombe cha Saa Moja Asubuhi

Fundi viatu alikuwa akiionea wivu kantini. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Hakumwonea wivu mwanamume yeyote, maana alimwamini mkewe kuliko alivyoiamini cherehani yake. Wivu wake ulikuwa kwa kantini yenyewe, ile ya hospitali, yenye viti vya plastiki na birika linalofuka tangu alfajiri.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa zamu ya usiku. Jioni fundi akivua aproni yake, mkewe yuko mlangoni anafunga vifungo vya sare. Watoto wao, pacha, walishaoa wakahama. Basi siku nzima ya wawili hawa ilikuwa imebaki na upenyo mmoja tu. Zamu huisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka hospitali hadi nyumbani ni nusu saa kwa mguu, na karakana ya viatu, ambayo ni chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, hufunguliwa saa mbili. Saa moja hadi saa mbili. Saa nzima, mali yao.

Ila mama huyu alikuwa hawezi kutembea bila kahawa tumboni, na kahawa aliinywea kantini. Akifika nyumbani ni saa mbili kasoro dakika kumi.

"Dakika kumi," fundi alilalamika peke yake, akipigilia soli. "Hata kisigino hakigeuzwi kwa dakika kumi."

Kilichomuuma zaidi ni habari. Usiku wa wodi ya wazazi una mambo, na mambo hayo mkewe alikuwa akiyamaliza yote kantini, yangali ya moto, mbele ya wauguzi wenzake. Nyumbani yalifika mabaki. "Usiku ulikuwaje?" "Salama tu." Halafu miayo, halafu kitanda.

Asubuhi moja akapiga moyo konde.

"Mama Pacha, hiyo kahawa ya kantini ina nini?"

"Ina kahawa."

"Na ninayokupikia mimi hapa kila asubuhi?"

Mkewe akavua kiatu kimoja, akakitazama, akavua cha pili. "Yako, Baba Pacha, ina juhudi."

Neno hilo lilimkaa kama msumari uliotokeza ndani ya kiatu. Mchana akafunga karakana nusu saa, akaenda hadi pembeni mwa barabara kwa mama mmoja anayekaanga na kuuza kahawa, ambaye mtaa mzima humwita Bi Buni.

"Unapikaje?" Bi Buni alimuuliza.

"Natia ya unga ndani ya maji, nachemsha mpaka iombe radhi."

"Na unga huo ulisagwa lini?"

"Mwezi uliopita. Au ule mwingine."

Bi Buni akashika tama kama aliyepewa habari ya msiba. Kisha akamfundisha bila haraka. Achukue kahawa nzima iliyokaangwa, asage ya asubuhi ile ile na si zaidi. Maji yakishachemka ayaepue, ayaache yapoe kidogo, ndipo amimine, kwa sababu maji yenye hasira huitia kahawa uchungu. Asikadirie kwa jicho, apime. Akishamimina asubiri dakika nne, bila kukoroga koroga.

Sasa, fundi ni fundi. Ukimpa kipimo, umempa ugonjwa. Alikwangua alama kwa msumari ndani ya sufuria, ya kikombe kimoja na ya vikombe viwili. Akasaga kwa kinu kidogo cha shaba juu ya meza ya karakana, pale penye mwanga mzuri. Akakata kitambaa cha pamba, akashona chujio la mishono miwili, imara kama kiatu cha askari. Kahawa akaihifadhi ndani ya kopo lake la siku zote, pale pale lilipokaa tangu alipoanza kupika asubuhi, kwenye rafu ya karakana, kwa sababu jikoni palikuwa na unyevu na sisimizi.

Akamwomba mkewe arudi moja kwa moja, kesho yake tu. Mama akarudi. Fundi akamletea kikombe kwa mikono miwili. Mkewe akakiinua, akasita kidogo karibu na pua, akanywa funda moja.

"Imechujwa vizuri," alisema.

Keshokutwa akafika saa mbili kasoro dakika kumi.

Fundi akapunguza maji. Akaongeza kahawa. Akasaga laini, akasaga nene. Wiki ya pili mkewe alimwonea huruma, akamwambia, "Baba Pacha, usijitese. Wengine wamejaliwa viatu." Maneno ya kumpoza, lakini siku hiyo fundi alimshonea mteja ndara mbili za kushoto.

Aliyemfumbua macho ni Bi Buni, alipoleta kiatu kilichokatika mkanda. Fundi akamkaribisha kikombe, kwa nia ya kulalamika. Bi Buni hakukifikisha mdomoni.

"Hii kahawa yangu umeiweka wapi?"

Fundi akamwonyesha rafu. Kopo la rangi nyeusi ya viatu, kopo la kahawa, debe la gundi, chupa ya mafuta ya kusafishia. Bi Buni akafungua kopo la kahawa, akaingiza pua, akaitoa upesi kama aliyechomwa sindano.

"Nusa."

"Nasikia kahawa."

"Na nini tena?"

"Kahawa tu."

Bi Buni akafungua debe la gundi, akamsogezea. "Na hii je?"

Fundi akavuta pumzi hadi mabega yakapanda. "Hii haina kitu," alisema, bila utani wowote.

Bi Buni alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja. Miaka thelathini ya gundi ilikuwa imeifunza pua ya fundi kuipita gundi kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake. "Kahawa ni mbea, fundi wangu," alimwambia akijifuta machozi. "Chochote cha jirani inakisikia, na chote inakibeba. Umemnywesha mkeo soli."

Kesho yake mkewe alipofika, fundi alikuwa amekaa kitako anamsubiri.

"Kwa nini hukuniambia kahawa inanuka gundi?"

Mama akavuta kiti, akakaa. "Mimi nilidhani ni mikono yako."

"Mikono yangu?"

"Kikombe unakileta wewe. Nikikiinua tu, gundi. Nikasema hii ni mikono ya mume wangu, ndiyo iliyosomesha pacha wawili. Sasa nikuambie nini, ukanawe?"

"Mimi hunawa."

"Najua. Nasikia gundi na sabuni."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, maana kila mmoja mpaka leo anasema ni mwenzake. Ila fundi alipomaliza kucheka alihesabu moyoni asubuhi zote zile mkewe alizokwenda kunywa mbali, kwa kuogopa kumvunjia heshima.

Siku hiyo kopo lilitupwa. Kinu kikasuguliwa kwa maji ya moto, kahawa mpya ikatiwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ikapandishwa rafu ya juu kabisa jikoni. Chujio nalo lilitupwa, kwa kuwa kitambaa chake kilitoka karakana, na jipya alilishona mkewe.

"Mshono mmoja?" fundi alihoji.

"Wodini mmoja unatosha, na watu wanapona."

Siku ya pili mama akafika saa moja kamili, viatu vikiwa na umande. Fundi akapima, akaepua maji, akasubiri, akamimina, akasubiri tena. Mkewe akakiinua kikombe. Fundi hakutazama mdomo wake, alitazama pua. Pua haikusita. Akanywa funda la kwanza, la pili, mpaka kikombe kikabaki machicha. Hakusifu. Alikisogeza tu mbele ya mumewe.

"Ongeza," alisema. "Halafu kaa nikwambie. Jana usiku kuna baba mmoja kaja na mkewe. Mtu mrefu, kifua hiki. Anatuambia sisi manesi tusiogope, yeye yupo."

"Ehe."

"Mtoto kutoa kichwa tu, baba huyo chini. Watu watatu kumbeba."

Fundi alikuwa ameshika birika, amesahau kumimina. Mlango wa mbele ukagongwa. Ilikuwa saa mbili na dakika tano.

"Fundi yupo?" sauti iliuliza nje.

"Yupo," mkewe aliitikia dirishani. "Ila ana kazi ya haraka huku jikoni. Kaa hapo kwenye benchi, baba, nusu saa tu." Akarudi kitini, akakunja miguu. "Basi, alipozinduka, unajua neno la kwanza alilouliza?"