Mama Alitupima kwa Kamba ya Katani

Nyie mliozaliwa miaka yangu mtanielewa nikisema kwamba nguo mpya ilikuwa ya Idi, basi. Mwaka mzima uliobaki ulikuwa na gauni la shule, na gauni la shambani ambalo mwaka juzi lilikuwa la shule, na kanga chakavu ya mama ya kujifunga ukitoka kuoga mtoni. Kabati hatukuwa nalo, wala tusingejua tuweke nini humo. Nguo za watoto wanne zilining'inia kwenye waya mmoja chumbani, na nafasi ilibaki.

Kwetu ni mlimani, juu ya Bigwa, mwendo wa saa tatu kwa miguu mpaka Morogoro mjini kama hukubeba mzigo. Mama alibeba. Alishuka na mkungu wa ndizi kichwani, na watoto hakutuchukua, maana njia ile mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Sasa fundi cherehani yuko mjini na sisi tuko mlimani, atatushonea vipi? Mama alikata kamba ya katani, akatusimamisha ukutani mmoja mmoja, akaivuta kuanzia begani mpaka pale nguo inapotakiwa kuishia, akapiga fundo. Kamba moja, mafundo manne: kaka yetu Shabani, mimi, Zuhura, na kitinda mimba Mwanaidi. Fundi aliagizwa aache upindo wa vidole vinne, kwa sababu mtoto hakai alivyo. "Mtakulia humo humo," mama alisema. Kila Idi ilipokaribia bila kitambaa kipya aliufumua upindo na kuushusha kidogo, na pale chini palitokeza ukanda unaong'aa ambao haujawahi kuona jua. Ukitaka kujua umri wa gauni unahesabu mikanda.

Na kitambaa kilikuwa kimoja kwa wote, kimekatwa kwenye jora moja. Shati la Shabani, magauni yetu matatu, na kipande kilichobaki kikawa pazia. Kuna mwaka ulikuwa wa maua makubwa ya njano, tukisimama dirishani mtu hajui yupi mtoto na lipi pazia. Watu njiani walituona kwa mbali wakasema, "Hao wa Mama Shabani." Nilichukia! Nilimwomba Mungu anipe gauni moja tu ambalo hakuna mwingine analo duniani. Aliniitikia. Shabani tulimzika, Zuhura tukamzika, na Mwanaidi naye mwaka juzi. Nguo zangu zote leo hazifanani na za mtu yeyote.

Nicheke kidogo kabla sijaharibu maneno. Mwaka ule wa mvua nyingi mama alishuka na kamba yake ameifunga kiunoni, mvua ikampiga njia nzima. Katani ikilowa hujivuta na kufupika, ila nani angefikiria hilo akiwa na mkungu kichwani? Fundi naye aliichukua vile vile mbichi, akapima, akakata, akashona. Siku mbili kabla ya Idi nguo zikaja, na zote nne zilikuwa fupi, hata upindo ulipofumuliwa wote. Shati la Shabani lilimwacha kitovu nje. Mama alitutazama tulivyopangana, akaingia ndani akatoka na kanga yake nzuri, ile ya kutokea, akaichana mbele yetu. Akaongeza ukanda wa kanga chini ya kila nguo, kwa mkono, mpaka vidole vikamuuma. Tulikwenda kuswali Idi tumeinamisha vichwa kwa aibu. Mwaka uliofuata nusu ya watoto wa kijiji walikuwa na ukanda wa kanga chini ya nguo, na fundi alijitapa mjini kwamba mtindo ule kaubuni yeye.

Nikaja kukua, nikasomea ualimu, nikapata nyumba yangu Kihonda, huku mjini, na binti yangu mmoja, Rehema. Enzi yake ilikuwa ya mitumba. Nilikuwa nainama kwenye fungu Jumamosi asubuhi, nachambua, nikipata gauni namgeuza Rehema na kumwekea mgongoni. Mara nyingi sikuhitaji hata kumgeuza, jicho lilitosha. Kuna gauni lake la buluu lilikuwa na jina la mtoto wa Ulaya limeandikwa kwa wino ndani ya kola, na Rehema alilisoma kila siku kabla ya kulivaa, kisha akauliza kama mwenyewe hatalifuata. Miguuni yeboyebo za plastiki. Nilidhani hapo ndipo dunia imefika mwisho wa maendeleo.

Kumbe bado. Siku hizi hapa mtaani napishana na watoto wenye raba zinazowaka taa kila wakikanyaga, kama bodaboda inayokata kona. Napishana na suruali zilizonunuliwa zikiwa zimeshachanika magotini. Shabani alikuwa na kaptura yenye viraka viwili nyuma, mviringo kama miwani, na alitembea akijiegemeza kwenye kuta ili visionekane. Leo angekuwa mtanashati wa mtaa mzima. Mama angemwona mtoto na suruali ile angemkalisha chini, atafute sindano, na mtoto angelia kwamba anaharibiwa nguo.

Rehema kaolewa, yuko Mwanza, na ana binti, Nasra. Walikuja mara ya mwisho Nasra hajaanza shule. Sasa yuko darasa la pili. Tunaonana kwenye simu ya video, na nashukuru, lakini kwenye simu mjukuu wangu ni uso tu. Hana miguu, hana urefu. Namwona kapoteza jino, namwona kasukwa, ila sijui akisimama karibu yangu kichwa chake kitanigusa wapi.

Idi hii niliamua nimshonee. Rehema alisema, "Mama, usijisumbue, siku hizi tunaagiza kwa simu tu, unaandika saizi inaletwa mlangoni." Nikamwambia mtoto wa kwetu haagiziwi kama betri. Nilitaka gauni moja limkae sawasawa, nijue kwamba mtoto huyu namjua. Nikanunua kitambaa, nikaenda kwa fundi kijana pale barabarani. Akachukua daftari na kuniuliza, "Bibi, mtoto anafika wapi?"

Nikanyoosha mkono kuonyesha. Nikauweka kiunoni, nikaona hapana, kakua. Nikaupandisha tumboni, nikaupandisha kifuani, nikaushusha tena. Fundi kasubiri na kalamu yake, wateja wawili wamesubiri nyuma yangu. Mama yangu hakujua kusoma, lakini kila mtoto wake alimjua mpaka kwenye fundo. Mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote nilisimama pale mkono uko hewani, machozi yakanilenga. Mwishowe nikasema, "Hapa," kwa kukisia.

Gauni likaenda kwa basi. Rehema akaandika, "Asante mama, limemkaa vizuri sana." Nikaomba picha, akasema atatuma. Idi ikapita. Nilikula pilau yangu peke yangu, mlango wazi, nikiwatazama watoto wa majirani wakipita, kila mmoja na mtindo wake, hata ndugu wa tumbo moja huwezi kujua ni ndugu. Wana nguo nyingi kuliko sisi, na nyingi ni nzuri, sitadanganya. Ila sisi ukikutana na mmoja ulijua wako wengine watatu nyuma yake.

Jana Nasra mwenyewe akapiga, bila video.

"Shikamoo bibi. Asante kwa gauni, nimelipenda."

"Marahaba mama. Limekufika wapi?"

Nikamsikia amegeuka, anamnong'oneza mama yake, na watoto hawajui kunong'ona: "Mama, lile lililonibana tukampa Husna wa jirani, nimwambie bibi lilinifika wapi?"

Sikumwacha mwanangu Rehema ahangaike kutafuta jibu.

"Magotini, si ndiyo?" nikamwambia Nasra.

"Ndiyo bibi," akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokolewa. "Magotini kabisa."