Jina Nililoliruka

Nakumbuka siku tuliyonyoa nywele baada ya kumzika baba, hapa Shianda. Kwetu, mwanangu, siku hiyo si ya wembe tu. Wazee huketi, na mali ya marehemu ikatajwa mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa sijafika thelathini, mke wa mfanyakazi wa chuo cha kilimo Bukura, na mwandiko wangu ulisifiwa ukoo mzima. Kaka mkubwa, Makokha, akanipa kalamu. "Andika warithi wa mzee, tupeleke kwa chifu."

Nikaandika Makokha. Nikaandika wadogo zake wawili. Nilipofika kwa Shiundu, kaka yetu aliyetangulia kufa, nikainua macho. Mjane wake, Ayuma, alikuwa jikoni akiwasongea wageni obusuma, ugali wetu, na binti zake wawili wakichota maji.

"Huyo ruka," Makokha akasema. "Hakuzaa kijana."

Nikaruka. Sikuuliza hata kwa nini. Nilikula obusuma wa Ayuma, nikanawa mikono kwa maji ya binti zake, nikakunja karatasi.

Barua ya chifu ilitoka kama nilivyoandika, ikaenda kortini. Hata kesi haijaisha, Makokha alishapata mnunuzi, mtu wa miwa, na Ayuma akaambiwa atoke kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe. Aende wapi? Kwao walishakufa wote. Alilia siku mbili. Ya tatu akajifunga leso, akapanda gari la Kakamega, kwa sababu mama mmoja wa kanisani alimwambia kuna mawakili wanakaa kwenye ukumbi karibu na korti kila Alhamisi, wanasaidia maskini na hawaitishi kitu.

Lo! Nilivyocheka. "Wakili wa bure? Basi huyo amekosa kazi."

Wakili mwenyewe alikuwa msichana mdogo, viatu vimejaa vumbi. Lakini aliandika pingamizi, korti ikazuia shamba lisiuzwe na Ayuma asiguswe. Kila kesi ilipotajwa alikuwa amesimama kando ya yule mjane asiyejua kusoma, akimweleza kila neno kwa Kiswahili chepesi. Na kesi ilitajwa mpaka tukachoka.

Siku moja nje ya korti aliniita pembeni, ile orodha mkononi. "Mama, huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

Aliitazama tena. "Mbona wewe mwenyewe haumo?"

Mwanangu, sikuwa nimeona! Kwetu msichana hahesabiwi, nami nilikuwa nimejifunza kutojihesabu. "Wewe pia ni mtoto wa mzee," akasema. "Nitakuandikia uingizwe. Hutalipa kitu."

Nikapandisha mabega. "Mimi nina kwangu Bukura. Hayo ni ya akina Ayuma." Nikatia sahihi ya kukataa fungu langu, tena kwa madaha, Makokha akinipigia makofi.

Jaji akaamua. Sehemu ya Shiundu ni ya mjane na binti zake, na nyumbani pale hatoki. Ayuma alirudi akafagia uwanja kama siku zote. Ndugu zangu waliuza zilizobaki.

Sasa sikiliza uchungu. Kule "kwangu" Bukura kulikuwa nyumba ya kazi ya mume wangu. Alipokufa, nyumba ikarudi kwa wenyewe, na kwao hakuwa na shamba. Nikaja kwa Makokha na sanduku langu. Hata kiti hakunipa. "Ulikataa mwenyewe, karatasi iko." Nilikimbilia ule ukumbi siku ya Alhamisi. Nilimkuta wakili mwingine, mpole vilevile. Alisoma, akavua miwani. "Mama, shamba limeshauzwa, na sahihi ni yako." Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Aliyenifungulia mlango ni Ayuma. "Ingia, wifi. Chai iko." Mpaka leo hajataja ile orodha. Afadhali angenitukana! Nakula kwake, nalala kwake, na nikifa nitazikwa kwa ruhusa ya mwanamke niliyemruka kwa kalamu.

Kwa hiyo nakwambia, na usinune. Ukipewa kalamu siku ya msiba, kwanza tazama nani yuko jikoni. Usitie sahihi kwa madaha. Ukiona mjane au mzee anasukumwa nje ya boma lake, usimwambie avumilie. Mshike mkono umpeleke kwa wale mawakili mapema, karatasi zingali mbichi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nachechemea mpaka leo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe boma ambamo jina lako limeandikwa, na akupe roho ya Ayuma, maana yangu imenifikisha hapa unaponiona.