Pilipili Mbili Zilizomshusha Nahodha Usukanini

Saa mbili asubuhi, nahodha anamenya viazi. Injini inaunguruma chini ya miguu yake, boti inakwenda mwendo wa kobe kati ya visiwa vinavyoikinga na mawimbi ya bahari kuu, na huko juu abiria wanane wanakunywa chai na kupiga picha za ndege. Aliyeshika usukani ni mpishi.

Mpishi huyo ni mkewe. Nahodha mwenyewe, ambaye wenzake humwita Taratibu kwa kuwa hajawahi kumkimbiza mgeni, anatupa kiazi kwenye sufuria na kutikisa kichwa.

"Ndugu mwandishi, cheka tu," anasema. "Mimi mwenyewe mpaka leo siamini."

Zamani boti hii ya chuma ilikuwa ikikokota nyavu. Ilipochoka, mwenye nayo, mama mmoja mfanyabiashara, aliisugua mpaka harufu ya samaki ikaisha, akatia vitanda na mapazia, na kuanza kuwatembeza wageni wiki nzima kwenye maji matulivu. Taratibu ameiendesha kwa miaka kumi na tisa, mkewe akipika. Chumba chao kidogo kando ya jiko ndiyo nyumba yao, nyingine hawana.

Njia ya maji hapa huonyeshwa na maboya: mekundu kushoto, ya kijani kulia. Ukitoka katikati yake, umepanda mchanga. Taratibu aliyajua hayo, au ndivyo alivyodhani. Kumbe alikuwa akifuata umbo. Ya kushoto yalikuwa na kichwa bapa kama debe, ya kulia yamechongoka.

"Mtu akisema jekundu, mimi nilielewa bapa," anaeleza. "Akisema kijani, nilielewa lile lenye ncha. Nilidhani na wenzangu wanaona hivyohivyo."

Alipopata leseni ujanani, alisomeshwa herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Habari za rangi hakuna aliyemuuliza.

Mwaka jana dhoruba iliyang'oa maboya ya mlango mwembamba kuliko yote kati ya visiwa. Yakawekwa ya muda, ya plastiki, yote mviringo kama mipira. Tofauti yake ni rangi tu.

Siku ya kwanza kupita hapo, mkewe alipanda kumletea chai. "Baba watoto, mbona hilo jekundu unalipita kwa nje?"

"Lipi jekundu?"

Mama alicheka, maana mumewe ni mtu wa utani. Kicheko hakijaisha, boti ikapanda fungu la mchanga, vikombe vikaruka, na wageni wakaangukiana. Mmoja akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya matembezi.

Hakuna aliyeumia. Wakiwa wanasubiri maji yajae, mama alishuka jikoni, akarudi na pilipili hoho mbili.

"Ipi nyekundu?"

Taratibu alizigeuzageuza. Akazipima mkononi. Akainua moja puani.

"Usininusie, mume wangu. Nionyeshe."

Akaonyesha. Haikuwa hiyo.

Mama aliketi sakafuni palepale. "Nilikumbuka harusi yetu," anasimulia. "Aliniambia, 'Leo kijani kimekukaa.' Gauni lilikuwa jekundu! Nilicheka mpaka machozi, nikasema nimepata mume mcheshi. Watoto watatu tumezaa, na sikuwahi kujua."

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Taratibu mwenyewe alishikwa na kijasho chembamba, si kwa sababu ya mchanga, bali kwa kuwafikiria wote aliowabeba.

"Wazee, watoto wachanga, maharusi," anasema, na kisu kinasimama mkononi. "Wote walilala usingizi wakiamini nahodha anaona."

Angeweza kunyamaza. Badala yake, boti ilipofika gatini alikwenda moja kwa moja kwa wakaguzi, wakampeleka kwa daktari wa macho, na siku hiyohiyo leseni ikachukuliwa. Upofu wa rangi, daktari alimwambia, hauna dawa.

Mwenye boti aliajiri nahodha wa muda, ambaye sasa anasimama nyuma ya mama na kumsimamia anapojifunza. Lakini mwenye boti hawezi kuendelea kulipa mishahara mitatu. Amewaambia waziwazi: mama akipata leseni mwezi ujao, wanabaki. Akishindwa, nahodha huyo atakuja na mpishi wake, na chumba kile kidogo kitahitajika.

"Nilimwambia sitaki," mama anasema. "Mimi na sukari na chumvi tunaelewana, na injini tumejuana wapi? Akasema, 'Wewe una macho, mimi nina maji. Tugawane.'"

Kila jioni, nanga ikishatupwa, Taratibu humfundisha: mkondo unavyovuta, upepo unavyosukuma, wapi pa kupunguza mwendo. Mtihani utafanyika kwenye mlango uleule, na mwalimu haruhusiwi kukaribia usukani.

Leo wanaupita kwa mazoezi. Boti inainama kidogo kushoto. Taratibu ameacha kumenya. Viganja vyake viwili vimekandamizwa mezani, macho ameyafumba. Boti inanyooka. Anashusha pumzi ndefu.

Mshtuko ule, anasema, haujamtoka: tangu siku hiyo hajaweza kusinzia boti ikitembea, hata akiwa hoi kwa uchovu. Ndiyo maana mpango wake baada ya mtihani ni mmoja tu.

"Akifaulu, safari ya kwanza, tukifika hapa, mimi naenda kulala," anasema. "Mchana kweupe. Nilale fofofo kama wageni wangu walivyokuwa wakilala, mke wangu anipitishe."