Maji Yasiyoombwa Zamu

Mjukuu wangu niliyemlea hapa Wabera alipata kazi ya uuguzi Kisumu, akakataa kuondoka bila dua yangu. Mimi siombei mtu dua ya mahali nisipopajua. Basi tukapanda gari, akanipeleka mpaka ukingoni mwa Ziwa Victoria.

Niliangalia, sikuona ng'ambo. Nikachota kwa kiganja nikaonja, hakuna chumvi. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Kwetu maji yakilala juani hivyo huwa ya chumvi, hata mbuzi anayakataa.

"Mito mingi inaingia, akko," mjukuu akaniambia, ndivyo Waborana tunavyomwita nyanya. "Halafu kule Uganda mto mkubwa unayatoa. Ndiyo maana hayana chumvi."

Nikamgeukia mama aliyekuwa akiosha sufuria pale. "Mwenye maji ni nani? Zamu tunamwomba nani?" Maana kwetu kisima kina mwenyewe, na ukinywesha bila kumwomba umetafuta vita.

Akacheka. "Chota tu, nyanya! Hii ni ya Kenya, Uganda na Tanzania."

Wenyewe watatu, na hakuna hata mmoja aliyekaa kulinda? Kule Kipsing nimeona watu wakipigania dimbwi. Nikakaa juu ya jiwe mpaka adhuhuri, nikingoja atakayekuja kufukuza watu. Ng'ombe wakaja, wakanywa, wakaenda zao. Hakuna aliyewauliza kitu.

Nikainua mikono nikamwombea mtoto. Kisha nikamwambia, "Fanya kazi yako. Lakini siku hao watatu wakianza kuulizana zamu, usingoje mshahara. Rudi nyumbani."