Keki ya Bunda kwenye gari la baba mdogo

Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani Nyakato nasubiri kazi, na kwa kuwa nilikuwa na leseni na muda wa kutosha, familia ikanifanya dereva. Jumamosi ile kazi yangu ilikuwa moja: kumpeleka dada yangu Bunda na keki ya ngazi tatu. Ilikuwa keki yake ya kwanza kuagizwa na watu wasio ndugu zetu, keki ya send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi, na maua ya krimu ya siagi yaliyokuwa juu yake aliyatengeneza moja moja kwa mkono. Krimu ile haivumilii joto. Ndiyo maana aliazima gari la baba mdogo anayekaa Bukima. Ni gari la zamani, milango yake miwili haifunguki kwa nje, lakini kiyoyozi chake kilikuwa kizima.

Madirisha tuliyafunga kwa sababu ya vumbi. Dada alikaa kiti cha nyuma, boksi mapajani, ameishika keki kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mimi mbele niliwaza kuhusu kila tuta kabla hatujalifikia. Niliwaza pia breki, mvua, na kama watu wa Bunda walisema ukumbi wa kanisani au wa shule. Dada alishanijibu hilo la ukumbi mara kadhaa, kwa hiyo sikuuliza tena.

Hadi karibu na Kiabakari hewa ilikuwa ya baridi, si kali, ila ya kuridhisha. Kisha tukakuta kundi la ng'ombe limejaa barabara nzima, tukawa tunawafuata nyuma polepole. Hapo kiyoyozi kikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu, halafu ya moto kabisa. Nikatazama dashibodi: mshale wa joto la injini nao ulikuwa unapanda.

Niliwahi kusoma kwamba injini ikipata joto sana, ukiwasha hita hadi mwisho inasaidia kulivuta joto lile kutoka kwenye injini. Shida ni kwamba linakuja ndani ya gari. Nikaanza kupima. Nikiwasha, injini inapona, maua yanayeyuka. Nisipowasha, injini inaungua, gari si letu, tunakaa njiani juani, na maua yanayeyuka vilevile. Nikamweleza dada yote hayo kwa mpangilio mzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Washa," akasema. "Tukifika Bunda utawaambia tumewaletea uji."

Nikawasha hita mpaka tukaupata mti wa mjohoro, nikaegesha chini yake, nikazima injini. Dada alifungua milango yote inayofunguka, akashuka na boksi lake, akasimama kivulini akiipepea keki kwa kipande cha kadibodi. Kila baada ya muda alichungulia ndani na kutikisa kichwa. Sikumwuliza ameona nini.

Mimi nilifungua boneti nikasimama. Mawazo yalikuja yote kwa pamoja: gesi imeisha, kompresa imekufa, nimeharibu gari la watu. Nikajilazimisha kuchukua wazo moja kwanza. Gari likikimbia, hewa ni ya baridi. Likitembea polepole, hewa ni ya moto na injini nayo inachemka. Kama gesi ingekuwa imeisha, hewa ingepoaje tukikimbia? Kilichopungua pale nyuma ya ng'ombe ni upepo wa mbele.

Injini ilipopoa kidogo niliiwasha tena, nikawasha na kiyoyozi. Feni ya injini ilizunguka vizuri. Nikaomba kitenge cha dada, nikakiweka mbele ya gari, pale kwenye matundu ya kuingizia upepo. Feni inapovuta hewa, kitambaa hunata pale. Kitenge kikaanguka chini. Nikajaribu tena, kikaanguka tena. Nikazima, nikapiga magoti na kumulika kwa simu.

Nyuma ya matundu kulikuwa na chandarua. Kilikunjwa mara mbili na kufungwa kwa mafundo yale ya kushonea nyavu, na chote kilikuwa kimejaa wadudu wa ziwani, wale wanaotoka majini kama moshi, wamekauka na kushikana kama mkeka. Upepo haukuwa na pa kupita. Mafundo yalinishinda, nikampigia baba mdogo simu.

"Usikitoe hicho," akasema. "Nafungaga mwenyewe. Kinazuia wadudu wasiingie kwenye rejeta."

"Baba mdogo, wadudu wote wamo humo."

"Si ndiyo maana nimekwambia kinazuia."

Dada alishaanza kutafuta mkasi kwenye mkoba wake. Nikamwomba baba mdogo ruhusa ya kukikata, akakubali shingo upande, akasisitiza nimrudishie vipande. Nilikikata, nikakivuta nje, wadudu wakamwagika kwenye viatu vyangu. Nikawasha injini na kiyoyozi, nikaweka kitenge tena. Kikanata.

Tulisubiri hewa ya ndani ipoe kabisa kabla dada hajarudi ndani na boksi. Ng'ombe walikuwa wameshatoka barabarani. Nilitazama mshale ule mpaka Bunda, na haukupanda tena.

Ukumbini alitupokea shangazi wa bibi harusi. Akafungua boksi, akainama karibu sana.

"Hili ua mbona limelala?"

"Yanayotazama chini ndiyo mtindo wa sasa," dada akasema, bila kunitazama.

Shangazi akaita wenzake wawili waje kuuona mtindo.

Tulipewa viti nyuma na sahani za pilau. Dada hakula. Feni ya ukumbi ilikuwa upande mwingine, na mimi nilikuwa nikipiga hesabu akilini jinsi ngazi ya juu inavyoweza kuteleza. Alipoitwa bibi harusi kukata keki, dada alisimama ili aone juu ya vichwa vya watu. Kisu kikashuka. Kipande cha kwanza kikatoka kimesimama wima, krimu imekaa pembeni yake bila kuvuja. Vigelegele vikapigwa. Dada akakaa, akavuta sahani yake, akaanza kula pilau iliyokwisha kupoa.